Siku Robati Alipowanyima Mpira

Mama Lusajo, mke wangu, hapo Matwebe,

Nakusalimu kwa lugha yetu, ndaga fijo. Mguu unaendeleaje? Tumpe aliniambia kwenye simu kwamba umerudi shambani kabla haujapona, nikasema moyoni, huyo ndiye mama Lusajo niliyemwoa. Ukizidi kuuma nenda hospitali ya Igogwe wakautazame. Usingoje mimi nije nikubebe, maana nguvu ninazo lakini baiskeli haina breki. Mimi ni mzima kabisa. Jino moja tu limetoka, lile la nyuma, limetoka lenyewe nikitafuna mkate wao, na sikumwambia mtu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Lusajo alitaka niseme kwenye simu akutumie sauti, nimekataa. Sauti ukishaisikia imekwisha, kesho utaniambia sikusema hivyo. Mimi nilisoma ngumbaru miaka miwili na mwalimu alisema katika wazee wote herufi zangu ndizo zinazosimama wima, na mpaka leo zinasimama. Lusajo atazipiga picha karatasi hizi azitume kwa Tumpe pale dukani kwake Bulyaga, naye aje akusomee. Tumpe mwanangu, soma yote usiruke, hata pale ninapojisifu, maana ni kweli.

Huku Amerika ni jua. Miezi miwili nimekaa, mvua imenyesha mara tatu, na hiyo wanayoita mvua sisi kwetu hata nguo hatuanui. Ndizi za kupika hakuna, ziko zilizoiva tu, tamu kama dawa ya mtoto. Parachichi wanazipanga kwenye sanduku kama mayai na kweli zina ukubwa wa yai. Nilimwambia mwenye duka kwa mikono yangu miwili parachichi la kwangu linavyokuwa. Alicheka, akadhani namwambia habari za boga.

Sasa nikueleze ya mkwe wetu, usije ukadhani nimepotoka. Wewe ndiye uliyemfundisha, wakati ule akiwa mwalimu wa hesabu Tukuyu na Lusajo akamleta nyumbani, kwamba mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawaketi benchi moja. Mzungu yule ameshika kuliko mabinti zetu wa siku hizi, wanaompa baba mkwe mkono kama wanamsalimia fundi baiskeli. Ila nyumba yao ni ndogo, sebule na jiko ni kitu kimoja. Akitaka kupita anakohoa, mimi nageukia dirishani. Mimi nikitaka kupita nakohoa, yeye anajifunika kanga anageukia friji. Kutwa tunakohoa. Jirani wao, mama mmoja mwema, alituletea dawa ya kifua.

Lusajo akasema, "Tata, huku hayo si lazima."

Nikamwambia, "Gwe, kwani nilipovuka bahari niliacha kuwa baba yako?"

Anajua mimi nikishasema.

Lakini mtu anayetazama dirisha kutwa anasikia mengi. Jumamosi asubuhi nilimsikia mkwe akizungumza na mumewe huku anaosha sufuria, na sauti yake ina machozi. Habari ilikuwa ya kaka yake. Huyu kaka yake anaitwa Robati, yule aliyetuma picha yake siku ya arusi amevaa kofia yenye ukingo mbele, ukasema ana masikio mazuri. Kazi yake ni kucheza mpira wa rungu, wenyewe wanauita besiboli, analipwa mshahara na timu ya mji huu. Yeye ni mrushaji. Anaurusha mpira na wa upande wa pili anajaribu kuupiga kwa rungu. Tangu utoto hajafanya kazi nyingine. Sasa umri umesogea, ana miaka thelathini na minne, na kiwiko kilipasuliwa mwaka juzi. Mara mbili za mwisho wapinzani waliigonga vibaya mipira yake, akatolewa mapema kama mchezaji mbovu. Basi kocha amemwambia waziwazi, leo ukishindwa tena, Jumatatu rudisha nguo za timu uende nyumbani.

Nikasema kwa sauti, nikilitazama dirisha langu, "Twende tukamwone."

Lusajo akasema, "Tata, si ulisema mchezo huo ni rede ya wasichana?"

"Nilisema. Sasa nataka nikaione hiyo rede."

Tukaenda mchana. Mlangoni askari alitaka kunizuia na chupa yangu ya chai, eti vinywaji vinauzwa ndani. Nilikataa kuiacha. Nikamwonyesha chini, kwamba kama chupa inabaki na mimi nabaki, na nikakaa kweli, pale njiani, watu wakawa wananipita. Wakaitana wawili watatu, mmoja akaifungua akanusa. Ni majani yetu ya Rungwe yale niliyofungasha. Alinusa mara mbili. Akanirudishia, tukaingia.

Tulikaa hivi: mimi pembeni, Lusajo katikati, mkwe upande wa pili amejifunika kanga kuanzia kichwani, watu wa nyuma wakidhani ni jua.

Uwanja wenyewe ni mkubwa kama shamba la chai, na majani yamekatwa kwa usawa uleule. Katikati pana kichuguu kidogo cha udongo, hapo ndipo mrushaji anaposimama. Mbele yake, mbali kama kutoka mlangoni kwetu mpaka zizini, anasimama mgongaji ameshika rungu, na nyuma ya mgongaji amechuchumaa mdakaji ana glavu kubwa. Mpira ukipita kati ya magoti na kifua bila kugongwa, hiyo moja. Mgongaji akipunga hewa, hiyo pia moja, na akiugonga ukaenda pembeni vilevile, ila huo hauwezi kuwa wa tatu. Zikifika tatu ametoka, akakae. Wakitoka watatu, zamu ya timu ile imekwisha, wanabadilishana. Kila upande una zamu tisa. Mgongaji akiupiga vizuri anakimbilia magunia matatu yaliyolazwa chini, akiyazunguka yote akarudi alipoanzia, ndiyo bao. Mrushaji akirusha nje mara nne, mgongaji anapewa gunia la kwanza bure. Ni hayo tu. Lusajo alichukua nusu saa kunieleza, mimi nimekueleza kwa mistari michache.

Saa nzima hakuna bao. Ya pili ikaanza, hakuna bao. Nikamwambia Lusajo, "Hawa watu wamelipa kiingilio waje kuona nini?"

"Subiri, tata. Tazama mrushaji, usitazame rungu."

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Wewe unajua mkono wangu ulivyokuwa. Unajua ngedere walivyokuwa wakisikia nimekohoa tu wanahama shamba la mahindi, maana jiwe langu lilikuwa halikosi. Yule bata wa mwinjilisti ilikuwa ajali na tulishayamaliza. Basi mimi nikikwambia fulani anajua kurusha, nasema kama mtu aliyerusha.

Kulikuwa na warushaji wawili, kila timu na wake. Yule wa wageni ni kijana, mabega kama fahali wa mwaka wa tatu, mpira ukitoka mkononi mwake huuoni, unasikia tu kofi kwenye glavu ya mdakaji. Watu wetu walipunga hewa mpaka nikawaonea huruma. Robati si hivyo. Robati ni mwembamba, na akipanda kichuguu anapanda kama mtu anayerudi kuchota maji mara ya pili. Anafuta vidole kwenye suruali. Anamtazama mdakaji, anatikisa kichwa kukataa, anakataa tena, halafu anakubali. Mguu mmoja unapanda juu kama wa korongo, mwili unazunguka, mkono unatoka nyuma. Mpira mmoja unakwenda umenyooka kama kamba ya fundi mwashi. Wa pili unakwenda palepale, na ukishafika kwa mgongaji unachepuka nje, kama mtu aliyekumbuka kitu akageuza njia. Wa tatu unazama chini. Na mgongaji, mtu mzima, mnene, anapiga mahali mpira ulipokuwa, si mahali ulipo.

Alifanya hivyo zamu baada ya zamu. Mgongaji anakuja, mgongaji anarudi kukaa. Kila akishuka kichuguu anashuka bila kumtazama mtu, anakwenda kukaa peke yake mwisho wa benchi na koti limewekwa juu ya mkono wa kulia. Wenzake hawamsemeshi. Lusajo aliniambia ndiyo desturi yao, mrushaji akiwa kazini vizuri hivyo mtu hamsogelei, wala hatajiwi anachokifanya. Nikasema kumbe na hawa wana adabu yao.

Katika zamu ya saba kijana wa timu yetu aliugonga mpira ukapita juu ya vichwa, akafika gunia la pili. Aliyemfuata akaugonga chini, ukapenya katikati ya watu wawili, yule wa gunia la pili akakimbia akarudi pale pa kuanzia kwa tumbo, vumbi tupu. Bao moja. Watu walisimama. Mimi sikusimama, nilikuwa namtazama Robati. Alikuwa amekaa vilevile na koti lake.

Njaa ikanishika. Nikamtuma Lusajo akanitafutie mahindi, nikakosea, maana foleni yao ni ndefu kuliko ya mbolea ya ruzuku. Akaondoka. Kati yangu na mkwe kikabaki kiti kitupu na juu ya kiti chupa ya chai.

Mimi huku natazama mbele, yeye kule amejifunika. Zamu ya nane ikaanza, na kuna kitu nimekiona mkononi mwa Robati ambacho lazima nikiulize, nisipouliza nitapasuka. Lusajo hayupo. Nikakohoa. Nikaiambia chupa:

"Wewe chupa, mimi naona mkono wa huyu bwana unakwenda kasi ileile kila mara, lakini mpira mwingine unakuja umechelewa. Au macho yangu yana kasoro?"

Kanga ikatikisika. Naye akaiambia chupa, kwa Kiswahili kile kizuri alichojifunzia kwetu:

"Chupa, mwambie tata macho yake ni mazima. Huo ni mpira wake wa polepole. Anaushika ndani ya kiganja, si kwa ncha za vidole, basi mkono unakimbia na mpira unabaki nyuma."

"Chupa, muulize kwa nini asiutupe huo kila saa."

"Chupa, mwambie tata wakiuzoea wataungoja."

"Chupa, mwambie mimi pia nilikuwa nafikiri hivyohivyo."

Nikasikia mtu anacheka ndani ya kanga. Sikugeuka. Mzee wa kizungu aliyekaa mbele yetu ndiye aliyegeuka, akaitazama chupa muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja nayo iseme.

Ikafika zamu ya tisa, ya mwisho. Bao moja kwa sifuri. Wageni wakitoka watatu mchezo umekwisha na Robati ameshinda. Wa kwanza alipunga hewa mara tatu akaenda kukaa. Wa pili akaugonga kweli, ukafika mpaka ukutani, akasimama gunia la pili. Wa tatu akaupiga juu sana, mtu wetu akaudaka mbali, ametoka, lakini yule wa gunia la pili akawahi kusogea mpaka la tatu. Sasa wametoka wawili, amebaki mmoja, na kule gunia la tatu kuna mtu anayehitaji hatua chache tu asawazishe. Na Robati amechoka, hata mimi niliona, mpira umeanza kupanda juu ya kifua.

Nikamwona kocha anainuka.

Mkwe akaishusha kanga ikafunika uso wote. Akasema, "Chupa, mwambie tata siwezi kutazama. Mwombe aniambie."

Mke wangu, mimi nimesimama mbele ya baraza la kijiji. Nimezungumza mbele ya mkuu wa wilaya habari za barabara akanisikiliza mpaka mwisho. Lakini kazi kama hiyo sijapewa. Nikaweka mikono magotini nikaanza.

"Chupa, mwambie kocha amefika kichuguuni. Amenyoosha mkono, anautaka mpira."

"Ameutoa?" Aliniuliza moja kwa moja, hakupitia kwenye chupa, wala sikumlaumu.

"Hajautoa. Ameuweka ndani ya glavu, na glavu ameipeleka nyuma ya mgongo. Kocha anasema. Robati anatikisa kichwa. Mdakaji naye amekuja. Kocha bado amenyoosha mkono. Sasa Robati ndiye anayesema, maneno machache. Kocha anamtazama. Chupa, mwambie kocha anarudi. Mikono mitupu."

"Nani anagonga?"

"Mkubwa. Shingo hana. Wa kwanza umerushwa, hakupiga, refa amenyoosha mkono, hiyo moja yetu. Wa pili umekwenda nje, huo hauhesabiwi kwetu. Wa tatu ameugonga umekwenda pembeni kwa watazamaji, hiyo ya pili yetu. Bado moja."

Mkwe akajifunga kanga mara ya pili.

"Wa nje tena. Wa nje tena. Chupa, sasa pande zote mbili hakuna nafasi. Mwambie Robati anafuta vidole kwenye suruali. Amerusha, ameugonga pembeni. Amerusha wa kasi, ameugonga pembeni tena, karibu sana. Mdakaji anamwonyesha vidole. Robati amekataa. Amekataa tena. Amekubali."

Nikaona mguu wa korongo unapanda. Nikaona mkono unatoka kwa nguvu zote, na mgongaji akaanza kulizungusha rungu lake, na mpira, mama Lusajo, mpira ulikuwa bado uko njiani. Ulikuwa unakuja kama mgeni asiye na haraka. Yule mtu alizunguka mpaka goti likagusa chini, rungu likapita, ndipo mpira ukafika na kulala kwenye glavu.

Nikasema, "Chupa, mwambie ule wa kiganjani."

Hakuuliza zaidi. Alilia ndani ya kanga na mimi nikatazama upande mwingine kama inavyotakiwa, na huko upande mwingine hapakuwa na kitu cha kutazama ila watu wanaoruka. Lusajo akaja na mahindi yamepoa, anauliza, "Imekuwaje, tata?" Nikamwambia akae ale.

Baadaye tulimngoja nje kwenye magari. Robati alikuja na mkono wa kulia umefungwa mfuko wa barafu kuanzia begani mpaka kiwikoni, hauinuki. Akanipa wa kushoto, akaomba radhi, maana dada yake alishamfundisha. Mimi, ambaye hata mjukuu akinipa kitu kwa kushoto namrudisha, niliupokea ule mkono kwa mikono yangu miwili. Vidole vimejaa sugu kama vya mchuma chai.

Nikamwambia Lusajo, "Mwulize alimjibu nini kocha."

Robati akacheka kidogo. Lusajo akanitafsiria: "Alimwambia, sijachoka, naogopa tu. Niache nimwogope mtu mmoja zaidi."

Nikamwambia mimi pia nilikuwa mrushaji. Nikamweleza ngedere, nikamweleza umbali. Alisikiliza vizuri kabisa, akaniuliza jiwe nilikuwa nalishika vipi, nikamwonyesha, akasema angependa kujifunza. Basi kama hapo Matwebe kuna mtu bado anatia shaka habari za ngedere, mwambie mtu anayelipwa kwa kurusha amekubali.

Tulipokuwa tunaagana kocha alipita akienda kwenye gari lake. Ni mtu mfupi, mkali, hasalimii. Hakusimama. Alimtazama Robati akasema neno moja, akaendelea na safari yake. Lusajo akanong'ona, "Amesema Alhamisi." Maana yake Alhamisi anarusha tena. Maana yake nguo za timu harudishi. Mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa gari kwa ajili yangu, na aliposikia neno hilo alikaa chini kwenye lami kama mtu aliyetua mzigo wa ndizi, akabaki hapo mpaka Lusajo alipomwinua.

Nisalimie mdogo wangu wa huko juu, mwambie ng'ombe wangu asimpe majani yenye umande. Nisalimie mchungaji. Nisalimie mama mkubwa wa Lusajo, na shemeji yako fundi cherehani, kaunda suti yangu asiianze mpaka nipimwe tena, nimepungua. Mwinjilisti nisalimie pia, lakini habari za bata usizianzishe.

Sasa hili nimeliacha mwisho kwa makusudi, na Tumpe asome taratibu. Ile Jumatano mliyoambiwa kuja kunipokea uwanja wa ndege, msije. Nimemwambia Lusajo asogeze tiketi. Najua umeshapanga na umeshasema kwa watu, na najua utakavyonisema, nimeshakusikia hata huku. Lakini Robati anarusha Alhamisi, Lusajo siku hiyo yuko kazini, na mkwe wetu hawezi kutazama. Lazima awepo mtu wa kumwambia.

Ni mimi mumeo, ninayeandika bila kusaidiwa,

Baba Lusajo